Stika ya Kijani kwenye Kadi ya Najiat

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Tabora Mjini
Tarehe: Jumatatu, 16 Juni 2025. Yameanza kuandikwa saa 4:15 asubuhi.
Jina la shahidi: Hafsa Twalibu Mrisho
Umri: Miaka 17
Dini: Muislamu
Kazi: Mwanafunzi, kidato cha nne
Makazi: Cheyo, Manispaa ya Tabora
Mlezi aliyekuwepo: Mwanne Ramadhani, miaka 66, bibi yake mzaa mama
Mwandikaji: WP 8143 Koplo Asila

Naishi Cheyo na bibi yangu Mwanne, ambaye ni mama wa marehemu mama yangu, pamoja na mdogo wangu Najiat mwenye miaka saba. Baba yetu yupo Igunga, anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mjomba wangu Nurdini, mdogo wake mama, ni seremala na karakana yake iko nyuma ya nyumba yetu. Huyo ndiye mnayemshikilia tangu juzi Jumamosi kwa kosa la kuvunja mlango wa chumba cha utafiti kwenye kituo cha afya cha serikali cha mtaani kwetu. Sikuitwa na mtu. Nimekuja mwenyewe, kwa sababu najua mlango huo ulivyovunjwa na mjomba hataki kusema.

Afande ameniambia nianze mwanzo na nisiruke. Nitajitahidi. Mwalimu wetu wa Baiolojia hutuambia tuandike tulichokiona kabla ya tulichokifikiri, lakini leo sijui kama nitaweza kuvitenganisha.

Najiat ana selimundu. Alizaliwa nayo. Chembe zake za damu hujikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, naye hupata maumivu ya mifupa ambayo siwezi kumweleza mtu asiyewahi kuyaona. Ni mgonjwa wa kliniki ya kituo kile tangu akiwa na miezi minane. Kadi aliyonayo ni ya tatu, mbili za kwanza zimejaa.

Mnamo tarehe 15 Januari 2025, siku ya Jumatano, saa 3:30 asubuhi, tulikwenda kliniki kama kawaida, mimi, Bibi na Najiat. Muuguzi Levina alituita pembeni. Levina ni muuguzi wa kituo, mwajiriwa wa serikali, lakini siku tatu za wiki anafanya kazi ya mradi wa utafiti. Alisema kuna madaktari wanatafuta dozi inayowafaa watoto wa selimundu wa huku kwetu. Dawa yenyewe inajulikana, imeshatumika kwingine. Wanachotaka kujua ni kiasi gani kinatosha bila kumdhuru mtoto. Alisema mradi hauna jengo lake, kituo ndicho kimeupa chumba, ambacho zamani kilikuwa cha kufungia vidonda. Kituo hichohicho kimetoa wauguzi na orodha ya watoto. Alisema bila kituo hakuna utafiti, maana watoto wako hapa.

Bibi hajui kusoma. Fomu ya ridhaa ilikuwa na kurasa sita. Levina alieleza kwamba kwa mtu asiyesoma lazima awepo shahidi anayesoma, asiwe mtu wa mradi, na awe mtu mzima. Akaniuliza umri. Nikamwambia kumi na sita. Akachungulia nje kwenye benchi, akasema, "Nani pale atakaa asome kurasa sita? Andika kumi na nane, mwanangu. Una akili kuliko watu wazima wote wa hapa." Nikaandika kumi na nane. Naomba iandikwe kwamba nilifurahi. Nilijiona msomi.

Nilimsomea Bibi kurasa zote sita. Ukurasa wa nne uliandikwa hivi, nimeukariri: "Unaweza kumtoa mtoto wako kwenye utafiti wakati wowote, bila kutoa sababu, na huduma yake ya kawaida haitabadilika." Bibi akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Hayo yameandikwa, au unaniongezea wewe?" Nikamwonyesha mstari kwa kidole, ingawa hawezi kuusoma. Akautazama kwa muda, kisha akaweka dole gumba. Nami nikasaini chini yake.

Hapohapo Levina akabandika stika ya kijani, duara, juu ya kadi ya Najiat. Alisema ni ya kuwatambua watoto wa mradi ili wasipange foleni na wengine.

Kwa miezi minne sikuwa na lalamiko lolote. Najiat alipata maumivu makali mara moja tu. Siku moja daktari wa mradi aliniruhusu nitazame damu ya mdogo wangu kwenye hadubini, nami nikaziona chembe zenyewe zilizojikunja. Nilisimulia habari hiyo kwenye klabu ya sayansi shuleni. Nilisema nikimaliza masomo nitafanya kazi ile.

Aliyechoka ni Bibi. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, walimtoa Najiat damu kwenye mkono, na Najiat alikuwa anaanza kulia tangu Jumatano. Bibi alimwambia Levina, "Mtoto mwenyewe damu haimtoshi, na bado mnachota. Mnampelekea nani?" Nikamwambia, "Bibi, ni kijiko kimoja cha chai." Akanijibu, "Basi toa chako." Tuligombana njia nzima hadi nyumbani. Mimi nilitaka Najiat abaki kwenye utafiti, na hilo nalisema leo ili msidhani nimekuja kuusema vibaya.

Mnamo tarehe 22 Mei 2025, siku ya Alhamisi, saa 4:00 asubuhi, Bibi alimtoa. Levina hakununa. Alisema, "Ni haki yenu, Bi Mwanne. Hakuna atakayewakasirikia." Akatoa fomu ya kujitoa, nakala tatu. Chini ya kila nakala palikuwa na maandishi: ya kwanza ya mradi, ya pili ya kliniki, ya tatu ya mlezi. Bibi aliweka dole gumba kwenye zote tatu, nami nikasaini zote tatu, nikiwa tena na miaka kumi na nane. Levina alisema zinahitaji muhuri wa mganga mfawidhi, naye alikuwa kikaoni, kwa hiyo yetu tungeipata baadaye. Tukaondoka. Stika hakuna aliyeikumbuka. Hata mimi sikuikumbuka.

Sasa nakuja kwenye Jumamosi.

Mnamo tarehe 14 Juni 2025, saa 12:00 asubuhi, Najiat aliamka akilia miguu. Alikuwa na homa. Bibi alimpa dawa ya kutuliza, maji mengi, na kitambaa cha moto magotini. Haikusaidia. Mjomba Nurdini alikuwa anajiandaa kwenda kutia fremu kwa mteja wake, mfuko wa vifaa uko begani. Akasema kazi itasubiri. Tukapanda bajaji wote wanne, Najiat akiwa amepakatwa na mjomba. Tulifika kituoni saa 2:55 asubuhi. Muda huo niliutazama kwenye simu yangu.

Kwenye dirisha la mapokezi alikuwepo dada Agnetha. Mbele yetu kulikuwa na watu wanne tu. Ilipofika zamu yetu aliitazama kadi, hakuifungua.

"Huyu wa mradi," akasema, akairudisha. "Mradi wanafungua Jumatatu."

Bibi akasema, "Tulishajitoa, mama. Mwezi uliopita."

"Mmejitoa, na stika mmebaki nayo?"

"Stika si mlitubandikia wenyewe?"

"Si mimi. Mtoto wa mradi akipewa dawa nyingine wanatujia juu, wanasema tumewaharibia kazi. Nileteeni karatasi ya kujitoa."

"Karatasi iko kwa Levina."

"Basi mtafuteni Levina."

Mjomba akainama dirishani. Anafahamiana na Agnetha. Akamwambia, "Dada, huyu ni mtoto, si kiwanja chenye mgogoro. Mtibuni kwanza, mwenyewe atajulikana baadaye." Agnetha akasema, "Kaka Nurdini, usinifundishe kazi. Mimi nafuata utaratibu."

Nikaanza kuibandua stika kwa ukucha. Agnetha akagonga kioo. "We binti! Unaharibu kadi ya serikali."

Tuliuliza daktari yuko wapi. Tukaambiwa tabibu Mayala yuko chumba namba mbili na majeruhi wa pikipiki, asisumbuliwe. Tukakaa kwenye benchi la kibarazani. Najiat alikuwa halii tena kwa sauti. Alikuwa anasaga meno, na macho yake yalikuwa ya njano. Akaniambia, "Dada, waambie mimi si wa mradi." Nikamwambia nimeshawaambia. Akasema, "Waambie vizuri."

Sentensi hiyo naomba isifutwe.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa ile fomu ya ridhaa kulikuwa na namba ya simu ya dharura, imeandikwa kwamba inapokea saa ishirini na nne, siku zote saba. Nilikuwa nimeihifadhi kwenye simu yangu tangu Januari. Saa 3:25 nikaipiga. Nilisogea mbele zaidi kibarazani ili nisikie vizuri, maana Bibi alikuwa anasoma dua kwa sauti. Simu ikaita. Na nilipofika mbele ya chumba cha utafiti nikasikia jogoo anawika ndani. Nikakata. Jogoo akanyamaza. Nikapiga tena. Akawika tena.

Simu ya dharura ilikuwa mezani, ndani ya chumba kilichofungwa, na mlio wake ni wa jogoo. Nilipiga mara ya tatu ili niwe na uhakika, kama tunavyofundishwa kurudia jaribio. Iliwika mpaka ikakatika yenyewe. Ilikuwa saa 3:31.

Hapa Afande amenisimamisha. Ameniambia silazimiki kusema neno linaloweza kunitia hatiani, na kwamba nikisema litaandikwa. Nimemjibu kwamba nimeelewa, na kwamba mwaka huu nimesoma sentensi nyingi nzuri za namna hiyo, ila hii nitaiamini. Bibi amenishika mkono niache. Nimemwomba anisamehe. Naendelea.

Aliyevunja mlango ni mimi.

Mjomba alikuwa amekwenda bombani nyuma ya jengo kulowesha kitambaa cha Najiat, na huko kulikuwa na foleni ya ndoo. Mfuko wake ulikuwa chini ya benchi. Nilitoa bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Nilijaribu kufungua skrubu za komeo, mbili zikazunguka bila kutoka, basi nikaiingiza bisibisi nyuma ya bati la komeo na kulisukuma kwa mwili wangu wote mpaka likang'oka na kipande cha mbao. Sikumbuki nimetumia muda gani. Kiganja changu cha kulia kina lengelenge lililopasuka. Nimemwonyesha Afande, ameliona.

Nendeni mkautazame mlango ule. Mjomba wangu ndiye aliyeutengeneza, mwaka jana, kituo kilimpa kazi hiyo. Angetaka kuingia, angeondoa komeo kama mtu anavyovua kofia na kulirudisha bila mkwaruzo. Mlango ule umechunwa. Hakuna fundi anayefanya vile, na ninyi mnaweza kumuuliza fundi mwingine yeyote mjini.

Ndani sikugusa dawa wala friji. Mafaili yalikuwa kwenye rafu kwa namba, na namba ya Najiat naijua, ni 017. Haikuwepo kwenye mstari. Niliikuta rafu ya chini, kwenye fungu lililofungwa utepe, juu yake karatasi imeandikwa WALIOJITOA. Mafaili ya fungu hilo yanafika kumi na moja. Sikusoma faili la mtoto mwingine. Nilifungua la Najiat.

Nakala zote tatu zilikuwemo. Ya mradi, ya kliniki na ya mlezi, zimebanwa pamoja kwa pini moja. Dole gumba la Bibi mara tatu, saini yangu mara tatu. Hazikuwahi kutoka kwenye chumba kile. Kutoka mlango ule hadi dirisha la Agnetha ni hatua ishirini na sita. Nimezihesabu wakati wa kurudi.

Nilichukua nakala ya kliniki peke yake, nikaliweka faili mahali pake. Saa 3:44 niliipitisha dirishani. Agnetha akaisoma yote, mbele na nyuma. Akasema, "Haina muhuri."

Nilipiga kelele. Sikumtukana, ila nilipiga kelele ambayo sijawahi kuipiga maishani, na tabibu Mayala akatoka chumba namba mbili akiwa na glavu zenye damu. Alimtazama Najiat, hakuitazama karatasi. Akamwambia Agnetha, "Mpe namba." Kisha akasema, "Acha, namba baadaye," akavua glavu, akambeba mwenyewe. Ilikuwa saa 3:47. Tulikuwa tumekaa pale dakika hamsini na mbili.

Aliniuliza, "Kwa nini hukunigongea?" Nikasema tuliambiwa asisumbuliwe. Alimtundikia dripu, akamchoma sindano ya maumivu, akampima. Wingi wa damu ulikuwa 4.1, chini sana hata kwa mtoto wa selimundu. Saa 5:10 gari la wagonjwa lilimpeleka hospitali ya mkoa pamoja na Bibi, na huko ameongezewa damu. Leo asubuhi amekula uji na ameuliza mjomba yuko wapi.

Mjomba aliporudi kutoka bombani aliuona mlango kabla hajaniona mimi. Alisema, "Nani kauchinja mlango wangu?" Kisha akaniangalia mikono. Mlinzi naye akafika, akauona mfuko umefunguliwa. Akauliza, "Mfuko wa nani huu?" Mjomba akasema, "Wangu." Mlinzi akasema, "Basi." Mjomba hakuongeza neno. Saa 8:40 mchana askari walipokuja kumchukua aliniambia, "Nenda hospitali kwa mdogo wako. Una mtihani Novemba. Nyamaza." Nilinyamaza Jumamosi na Jumapili. Sikuweza kunyamaza Jumatatu.

Afande ameniuliza kama nina jambo la kuongeza. Ninalo.

Nina hasira, na nimejaribu kuizuia isiharibu maelezo haya. Chumba kile ni cha kituo. Levina ni muuguzi wa kituo, na siku mbili za wiki ambazo si za mradi huwahudumia watoto wa kliniki ya kawaida. Najiat ni mgonjwa wa kituo kwa zaidi ya miaka sita. Mradi ulipomhitaji alikuwa mtoto wa kituo, ndiyo maana jina lake lilikuwa kwenye orodha. Kituo kilipotakiwa kumtibu akawa mtoto wa mradi. Na alipokwisha kujitoa hakuwa wa mtu yeyote, kwa sababu ya stika yenye ukubwa wa kifuniko cha soda. Wote walikuwa wanafuata utaratibu. Nimetafuta tangu Jumamosi mtu mmoja wa kumchukia na simpati, na hilo linanikasirisha zaidi.

Aliyemsomea Bibi kwamba huduma haitabadilika ni mimi. Bibi aliniuliza kama yameandikwa au ninamwongezea. Nilimwonyesha kwa kidole.

Sisemi utafiti usitishwe. Dozi ile itafutwe na ipatikane, maana Najiat naye ataihitaji, na mimi bado nataka kuifanya kazi hiyo. Ninachoomba ni kwamba leo, kabla kituo hakijafungwa, mtu aende kwenye lile fungu la utepe. Kuna watoto kumi na mmoja, ukimtoa Najiat wanabaki kumi. Awatafute majumbani, akaangalie kadi zao. Kama stika bado zipo, azibandue kwa mkono wake.

Pia nasahihisha jambo moja. Kwenye fomu za mradi nimeandikwa miaka kumi na nane. Si kweli. Mwezi Januari nilikuwa na kumi na sita, leo nina kumi na saba. Kama umri wangu halisi unaharibu zile fomu, ziharibike. Na kama unanipunguzia adhabu ya mlango, sikuusema kwa sababu hiyo.

Mjomba Nurdini hakuvunja kitu. Mwachieni. Mlango nitaulipia kwa kumsaidia kuutengeneza, akikubali kunifundisha.

Nimemaliza. Niliyoyasema nimeyaona na kuyafanya mwenyewe, hakuna aliyenituma. Nimesomewa na nimeyasoma tena kwa macho yangu. Kabla sijasaini naomba nakala yangu, na naomba niipate mkononi leo.

(Saini) Hafsa T. Mrisho

MAELEZO YA MWANDIKAJI

Nathibitisha kwamba nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa. Shahidi alipofika kwenye habari ya bisibisi nilimpa onyo, akachagua kuendelea mbele ya mlezi wake. Lengelenge la kiganja cha kulia nimeliona. Mlezi hajui kusoma. Nimemsomea mimi mwenyewe, si shahidi. Aliomba nirudie sehemu ya ukurasa wa nne na sehemu ya mlango, nikarudia, ndipo akaweka dole gumba.

Kuhusu nakala: mashine ya kunakili ya kituo chetu cha polisi ni mbovu. Nilimweleza shahidi arudi Jumatano. Alikataa kuondoka. Nimempa karatasi na kalamu, amekaa kwenye benchi la mapokezi na kuyanakili yote kwa mkono kuanzia saa 6:05 hadi saa 7:50 mchana. Nimelinganisha mstari kwa mstari, nimegonga muhuri kwenye kila ukurasa na kumkabidhi.

Saa 8:30 mchana nimefika kituo cha afya na fundi seremala mwingine kukagua mlango. Maoni ya fundi: aliyefungua hana ujuzi. Fungu la WALIOJITOA lipo, mafaili kumi na moja. Nakala za kliniki bado zimo kwenye mafaili kumi. Nimemkabidhi mganga mfawidhi orodha mbele ya muuguzi Levina, ambaye ameanza kupiga simu kwa walezi nikiwepo.

Nurdini Ramadhani ametoka kwa dhamana saa 11:20 jioni. Jalada limepelekwa kwa mkuu wa upelelezi kwa maelekezo, pamoja na kadi ya kliniki ya Najiat Twalibu kama kielelezo. Stika haipo. Muuguzi Levina ameibandua mbele yangu. Nimeibandika hapa chini.

WP 8143 Koplo Asila
16 Juni 2025, saa 11:45 jioni